Nairobi hadi Addis Ababa: masafa, muda wa ndege, na hesabu ya safari ukianzia Pemba

Hapa Chake Chake mimi ndiye ninayeletewa tiketi za watu zisomwe. Anakuja mama ambaye mwanawe anasoma Addis Ababa, anakuja mfanyabiashara anayepita Nairobi, na kila mmoja huanza na suali lile lile: kutoka Nairobi mpaka Addis, ndege inachukua muda gani?

Jawabu fupi ni hili. Kutoka kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta, Nairobi, mpaka kiwanja cha Bole, Addis Ababa, ni kiasi cha kilomita 1,160 kwa njia ya angani, na ndege ya jeti inachukua muda wa kama saa mbili. Kwa barabara, kupitia Isiolo, Marsabit na Moyale, kilomita zinapita 1,500, kwa sababu gari haliruki milima.

Lakini anayeuliza hivyo, ukimsikiliza vizuri, anataka kujua jambo jingine. Anataka kujua atoke nyumbani lini, na agonge mlango wa mwenyeji wake saa ngapi. Hilo halijibiwi na kilomita peke yake. Nitaeleza jinsi ya kulihesabu wewe mwenyewe, kwa safari hii na kwa nyingine yoyote, bila ya kumtegemea mtu wa kukusomea.

Hatua ya kwanza: jua viwanja viko wapi

Kila mahali duniani pana namba mbili. Ya kwanza, latitudo, inasema uko mbali kiasi gani na mstari wa Ikweta, kaskazini au kusini. Ya pili, longitudo, inasema uko umbali gani mashariki au magharibi. Kwenye ramani ya simu, bonyeza mahali unapopataka usiachie kidole, namba zitajitokeza. Chukua za kiwanja cha ndege, si za katikati ya mji, maana ndege haitui sokoni. Hizi ndizo tutakazotumia, nimezikata kwa desimali moja:

Wawi, Pemba: 5.3 kusini, 39.8 mashariki
Kiwanja cha Abeid Amani Karume, Unguja: 6.2 kusini, 39.2 mashariki
Nairobi: 1.3 kusini, 36.9 mashariki
Addis Ababa: 9.0 kaskazini, 38.8 mashariki

Tazama Unguja na Addis. Longitudo zao zinakaribiana mno, 39.2 na 38.8. Maana yake Addis iko kaskazini yetu moja kwa moja. Mtu wa Unguja au Pemba akisimama msikitini akaelekea kibla, basi Addis iko mbele yake, kwani Makka nayo iko karibu na mstari huo huo, mbele zaidi. Wanafunzi niliowaonyesha jambo hili hawakulisahau tena, na kila nikiliwaza napata raha.

Hatua ya pili: geuza namba ziwe kilomita

Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111. Sehemu zetu hizi, karibu na Ikweta, digrii moja ya longitudo nayo ni karibu sawa na hiyo.

Nairobi iko kusini ya Ikweta na Addis iko kaskazini, kwa hiyo latitudo zao tunazijumlisha: 1.3 na 9.0 ni 10.3. Zingekuwa upande mmoja tungetoa. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 1,143 za kwenda kaskazini.

Longitudo zote ni za mashariki, tunatoa: 38.8 kutoa 36.9 ni 1.9. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 211 za kwenda mashariki.

Sasa unazo pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, na unatafuta ule upande mrefu wa mshazari. Ndiyo hesabu ya Pythagoras tuliyofundishwa skuli. Zidisha 1,143 kwa yenyewe, zidisha 211 kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kikokotozi cha simu kitakupa 1,162. Ndizo hizo kilomita 1,160.

Kwa njia hiyo hiyo utapata Unguja mpaka Nairobi kilomita 600, Unguja mpaka Addis moja kwa moja kilomita 1,690 kwa hesabu hii yetu ya mkono (vipimo vya makini zaidi vinatoa 1,680), na Wawi mpaka Unguja kilomita 120 na kitu. Ukienda mbali na Ikweta, kwa mfano Cairo au Tunis, njia hii inaanza kudanganya upande wa longitudo, kwa sababu mistari ile inakaribiana kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia. Huko tumia ramani ya simu ikupimie.

Asiyependa hesabu achukue uzi. Nilifanya hivyo skuli kwenye tufe la dunia lenye upana wa sentimita 30, kwa uzi wa kushonea kofia kwa vile ni mwembamba na haunyumbuki. Niliubana kwa ukucha kwenye Nairobi, nikauvuta ukakaza mpaka Addis, nikaubana tena, nikauweka kwenye rula: sentimita mbili na milimita saba. Tufe la ukubwa huo lina mzunguko wa sentimita 94, na dunia ina mzunguko wa kilomita 40,000, kwa hiyo kila sentimita ni kilomita 425. Zidisha kwa 2.7, unarudi pale pale, 1,150 hivi. Uzi uwekwe kwenye tufe, si kwenye ramani ya ukutani, maana karatasi iliyonyooshwa inavuta nchi za mbali na Ikweta zikaonekana kubwa kuliko zilivyo.

Hatua ya tatu: geuza kilomita ziwe dakika

Jeti ya abiria ikishafika juu huenda kilomita 840 kwa saa, au karibu na hapo. Wengi hugawa 1,160 kwa 840, wanapata saa moja na dakika 23, kisha wanashangaa tiketi inaandika saa mbili na zaidi. Muda wa kwenye tiketi unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na unamalizika inaposimama kwenye maegesho ya pili. Ndani yake mna kutembea chini kuelekea njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda angani ambako mwendo bado ni mdogo, kushuka polepole, na kuzunguka kidogo kujipanga kutua.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa jeti ni hii: gawa kilomita kwa 840, kisha ongeza dakika 40.

Nairobi hadi Addis: dakika 83 na 40, jumla 123, yaani saa mbili na dakika tatu. Unguja hadi Nairobi: dakika 43 na 40, jumla saa moja na dakika 23. Unguja hadi Addis bila kutua: saa mbili na dakika 40. Linganisha na tiketi yako. Tofauti ya dakika kumi au kumi na tano ni ya kawaida. Ikizidi hapo kwa mbali, tazama tena, huenda ndege inatua mahali njiani na hukuambiwa.

Ndege ndogo za Pemba ni hesabu nyingine. Zinakwenda kilomita 300 kwa saa au zaidi kidogo, lakini hazipotezi muda chini, na Wawi hadi Unguja ni nusu saa.

Watu huniuliza kuhusu upepo. Kaskazi na kusi tunazozijua sisi kwenye majahazi ni pepo za chini. Zinachoamua ni ndege irukie upande gani. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini na kusini, na ndege hupenda kuruka ikiukabili upepo, kwa hiyo msimu wa kaskazi hurukia upande wa kaskazini na msimu wa kusi upande wa kusini. Kule juu, mita elfu kumi na zaidi, upepo ni mwingine kabisa, na kwa safari fupi ya kusini kwenda kaskazini kama hii haukupotezei muda wa kuuhesabu.

Hatua ya nne: soma saa, tena soma siku

Hapa ndipo watu wetu wanapopoteza ndege.

Tiketi inaandikwa kwa saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Sisi saa zetu zinaanza jua likichomoza na likizama. Kugeuza ni hivi: ikiwa tiketi inasoma 07 mpaka 18, toa sita. Ikisoma 19 mpaka 23, toa kumi na nane. Ikisoma 00 mpaka 06, ongeza sita. Kwa hiyo 17:40 ni saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini jioni, 20:05 ni saa mbili na dakika tano usiku, na 03:15 ni saa tisa na robo usiku.

Saa yenyewe watu huipata. Siku ndiyo inayowashinda. Ami yangu wa Wete alikuwa na tiketi ya Ijumaa, 01:45. Akageuza vizuri, saa nane kasoro robo usiku. Ijumaa akaswali Ijumaa yake, akaaga jamaa, akapumzika, na saa nne usiku akafika kiwanjani na mabegi mawili na mkoba wa halua. Ndege ilikuwa imeondoka tangu usiku uliotangulia. Alikaa pale kwenye kiti cha bati akiitazama tiketi, akiweka kidole kwenye neno Ijumaa, kwa sababu kweli ilikuwa imeandikwa Ijumaa.

Kinachoniuma ni kwamba angelikumbuka lugha yake mwenyewe asingelikosea. Kwetu, usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi baada ya magharibi, ule ambao watu husoma Yasini. Usiku hutangulia mchana wake. Ndege ya Ijumaa 01:45 inaruka usiku wa Ijumaa huo huo, usiku wa kuamkia Ijumaa, na abiria anatakiwa awe kiwanjani Alhamisi kabla ya saa tano usiku.

Ila usiitumie hesabu hiyo kwa tiketi za kabla ya saa sita usiku. Tiketi ikisema Alhamisi 21:00, ni Alhamisi saa tatu usiku, ingawa wazee wanauita usiku wa Ijumaa. Ukiona saa inaanza na 00, 01, 02, 03, 04 au 05, mimi nakushauri uandike kwa kalamu juu ya tiketi, kwa maneno kamili: "Naondoka nyumbani Alhamisi baada ya isha." Bandika kwenye kabati.

Kuna tofauti za saa kati ya nchi na nchi pia. Tanzania, Kenya na Ethiopia zinatumia saa ile ile, kwa hiyo ukiondoka Nairobi 18:00 na ukafika Addis 20:05, kutoa kwa kawaida kunakupa muda wa kweli. Si hivyo kwa Kigali. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya mahali unapofika. Ndege inayotoka Nairobi 10:00 inaweza kuandikwa inafika Kigali 10:35. Haikuruka dakika 35, imeruka saa moja na dakika 35. Kurudi itaonekana kama saa mbili na dakika 35.

Na huko Addis utakuta jambo litakalokufurahisha: Waethiopia nao wanahesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri. Mwenyeji wako akisema kwa Kiamhari saa mbili asubuhi, ni saa mbili yetu. Akizungumza Kiingereza, muulize anatumia saa ipi, maana wengine hubadilisha na wengine hawabadilishi. Kalenda yao ni ya miezi 13, mwaka wao mpya unaanza Septemba, na namba ya mwaka wao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Ukipewa karatasi yenye tarehe huko, hakikisha ni ya kalenda gani kabla hujapanga kurudi.

Hatua ya tano: hesabu muda wa chini

Tuseme unatoka Wete. Saa hizi ninazozitaja ni za mfano, weka za tiketi yako.

Ndege ya Wawi kwenda Unguja inaondoka saa mbili asubuhi. Unatakiwa uwepo saa moja, kwa hiyo toka Wete saa kumi na mbili. Saa mbili na nusu uko Unguja. Ndege ya Nairobi ni saa saba mchana, na kwa safari ya nje unatakiwa ufike kaunta mapema, muda wa saa tatu kabla, hivyo huna muda wa kwenda Darajani kununua vitu. Unafika Nairobi saa nane na dakika 25. Ya Addis inaondoka saa kumi na mbili jioni, unatua saa mbili na dakika tano usiku. Uhamiaji, mizigo, teksi: mlangoni pa mwenyeji saa tatu na nusu usiku, na hapo ni kwa sababu Bole iko ndani ya mji.

Kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu na nusu usiku ni muda wa saa 15 na nusu. Hewani umekaa saa nne tu. Nyingine zote umekaa chini.

Kwa hiyo ukichagua kati ya kupita Nairobi na kwenda moja kwa moja kutoka Unguja kwa Ethiopian Airlines, usipimie kilomita. Kupitia Nairobi ni 1,760, moja kwa moja ni 1,680. Tofauti ni kilomita 80, kama dakika sita za jeti. Unachookoa kwa kwenda moja kwa moja ni kule kusubiri Nairobi, kuruka na kutua mara ya pili, na hofu ya begi kubaki. Kama nauli hazitofautiani sana, mimi kila mara nasema nenda moja kwa moja, hasa kwa mtu mzima au mgonjwa. Hakikisha tu tiketi inaonyesha hakuna kituo njiani.

Ukipita Nairobi, nunua tiketi moja inayobeba safari zote mbili. Tiketi moja maana yake begi lako linaandikwa mpaka Addis, na ukichelewa kwa kosa la ndege ya kwanza, wao ndio wa kukutafutia nyingine. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali, kila moja haijui mwenzake: unachukua begi lako Nairobi, unapita uhamiaji, unaanza upya kaunta. Kwa hali hiyo usikubali nafasi ya chini ya saa nne kati ya ndege na ndege. Kaunta kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, na haifunguliwi kwa kuomba.

Kwa hilo hilo, watu wa Pemba, msifike Unguja siku ile ile kama ndege ya nje ni ya asubuhi. Njooni jana yake, kwa ndege au kwa boti ya Mkoani, mlale kwa jamaa.

Mizigo na karatasi

Ndege kubwa nyingi huruhusu kilo 23. Ile ndogo ya Wawi mara nyingi ni kilo 15. Nimemwona mama mmoja amechuchumaa mbele ya mizani ya Wawi, kanga ameitandaza sakafuni, akitoa begini vikapu vya halua kimoja kimoja na kumpa kijana aliyemsindikiza, na kila akitoa anatazama mshale wa mizani. Pima nyumbani. Au tuma begi kubwa kwa boti siku moja kabla, upande ndege na begi la mkononi. Karafuu usibebe bila kibali, hata za kumpa mwenyeji.

Masharti ya viza ya Ethiopia yatazame kwenye tovuti yao ya serikali kabla hujalipa tiketi, si baada yake. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano uwe nacho. Chanjo huanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiiache mpaka wiki ya safari. Ukishachanjwa mara moja, cheti ni cha maisha, hata kama kile cha zamani kimeandikwa miaka kumi.

Kisha baridi. Bole iko mita 2,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari, Nairobi iko 1,600. Kila mita elfu moja unayopanda, hewa inapoa kwa digrii sita na nusu hivi, kwa hiyo Addis inaweza kuwa chini ya pwani yetu kwa digrii 15, na kuanzia Juni mpaka Septemba mvua inanyesha juu ya baridi hiyo. Utashuka saa mbili usiku ukiwa umevaa nguo ulizotoka nazo Wete alfajiri. Sweta na soksi viweke kwenye begi la mkononi, juu kabisa, maana lile begi kubwa utalipata baada ya foleni ya uhamiaji, na foleni hiyo utasimama na baridi yako.